Jumanne na Ijumaa Kwa Matilda

Jumanne, 2 Julai 2024

Mkahawa mpya umefunguliwa mtaa wa nyuma ya Soko Matola, mlango wa tatu kutoka kliniki ya macho. Unaitwa Kwa Matilda. Nimeupita wiki nzima nikijifanya nina haraka. Leo nimeingia.

Wali wa Kyela, mbasa wa kukaanga, kachumbari yenye parachichi. Sijala samaki mzuri hivi tangu nihamie Mbeya. Ngozi ilikuwa kavu, inavunjika. Ndani nyama nyeupe, bado ina maji yake. Nilifumba macho. Kisha nikayafumbua haraka — mtu anayekula peke yake akifumba macho watu humtazama.

Lakini huduma! Mhudumu ni mmoja, mwanamke mrefu wa rika langu, kilemba cha kijani. Alichukua oda, akatabasamu, akapotea. Dakika arobaini na tano. Wala hatukuwa wengi: mimi, wanaume wawili wenye tai, na mzee mmoja aliyekuja baada yangu, bandeji kwenye jicho la kushoto, fimbo mkononi. Alikaa meza ya katikati. Wenye tai waligonga meza, mpishi akatoka mwenyewe na sahani zao, taulo begani. Mimi sikugonga. Mwishowe mkono ukatokea kwenye dirisha la jikoni, ukasukuma sahani yangu juu ya kaunta. Mpishi akaita: "Dada wa samaki, njoo uchukue."

Nikaenda kuchukua.

Nimewaza njia nzima. Kwa nini mimi? Mtu aliye peke yake hana wa kumgeukia na kusema, umeona hawa? Kwa hiyo hasemi. Na wao wanajua.

Miezi minne hapa. Ofisini nachora ramani za viwanja vya watu. Mipaka ya Isyesye naijua jiwe kwa jiwe. Jirani yangu wa mlango wa pili sijui anaitwa nani.


Alhamisi, 4 Julai 2024

Nimerudi. Kwa ajili ya samaki, nimejiambia.

Ilikuwa kama mkahawa mwingine. Yule mhudumu alinifikia kabla sijavuta kiti. "Dada, juzi nilikutesa. Nisamehe." Hakueleza. Akauliza natoka wapi, kwa sababu naongea kama mtu anayesoma barua. Nikasema Iringa.

"Mhehe! Basi pole, leo mbwa wamekwisha. Kuna kuku."

Utani wa zamani, kwamba Wahehe hula mbwa. Nikamwambia afadhali sisi, wao Wanyakyusa wakikosa ndizi siku mbili wanaenda kupimwa malaria. Alicheka mpaka akashika meza. Sikumbuki mara ya mwisho kumchekesha mtu.

Anaitwa Esnath. Mume wake, Lusekelo, anaendesha lori la Zambia, wiki mbili nyumbani haonekani. Wana mtoto mmoja. Alisimama mezani kwangu, sinia kiunoni, kikombe kizima cha kahawa. Akauliza jioni ninakula na nani. Nikasema na redio. Hapo hakucheka. Alisema, "Kesho njoo. Nitakuwekea mbasa mkubwa."


Ijumaa, 5 Julai 2024

Nilivaa gauni la bluu. Naandika hili ili nisijidanganye baadaye: nilivaa gauni la bluu kwenda kuletewa chakula.

Alikuwa jikoni. Nilimwona kupitia dirisha, naye akaniona. Nikainua mkono. Akarudi nyuma, akatoweka kabisa, kama mtu aliyemwona anayemdai. Nilikaa saa nzima. Mzee wa bandeji alikuwepo tena, meza ile ile, akipuliza chai yake kwa utulivu wa mtu ambaye hana pa kwenda. Yeye alihudumiwa na mpishi. Sahani yangu ilikuja juu ya kaunta. Kuku, si mbasa. Imepoa.

Niliila yote. Hata baridi ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu ukitaka kukasirika vizuri chakula kiwe kibaya.

Nilikosea nini Alhamisi? Nimerudia kila neno. Labda utani wa ndizi. Labda redio. Mtu akikuonyesha upweke wake siku ya kwanza, lazima ukimbie. Mimi mwenyewe ningekimbia.


Jumapili, 7 Julai 2024

Mama amepiga simu. Mtoto wa kaka Liberatus anabatizwa tarehe ishirini na moja, nisikose. Akauliza kama nimepata rafiki.

Nikasema ndiyo, anaitwa Esnath.

Sikujua kama nilikuwa nadanganya.


Jumanne, 9 Julai 2024

Nilikwenda kumpa nafasi nyingine. Hayo ndiyo maneno niliyotumia kichwani — kumpa nafasi — kana kwamba mimi ndiye mwenye nafasi za kugawa.

Nilikuta ameshika sinia mlangoni mwa jikoni. Mara akageuka na kurudi ndani. Baadaye alitoka amejifunika kitenge mpaka usoni, akapita akiwa amejibana ukutani, akaweka kahawa yangu kwenye meza isiyo yangu, ya mwisho kabisa dirishani, akarudi mbio. Mwenye tai mmoja akacheka, akaniambia, "Dada, umekosana na huyo?" Mkahawa mzima ulinitazama. Hata mzee aligeuza lile jicho lake moja lenye ukungu.

Pale kaunta kuna daftari limefungwa kamba. Maoni ya Wateja. Nilisimama nikaandika:

"Chakula cha hapa kinapikwa na mtu anayewapenda watu na kuletwa na mtu anayewakimbia. Mhudumu wenu ana sura mbili. Alhamisi ni dada yako, Ijumaa utadhani umemwibia kuku. Msimweke karibu na wenye njaa. Mpeni ukuta auhudumie. Ukuta hauna haraka."

Sikuweka jina. Nilisoma mara mbili, nikasahihisha nukta moja. Nikatoka nikiwa na joto tumboni, kama mtu aliyekula.


Alhamisi, 11 Julai 2024

Kuna mtu amepiga picha ukurasa ule. Jackline wa mapokezi ameupata kwenye kundi lao la kanisani, na leo asubuhi alikuwa anawasomea watu wa ofisi, anaigiza sauti. Alipofika kwenye ukuta, Ezron wa uhasibu aliweka kalamu chini. "Huyu aliyeandika ni hatari. Mngempa kazi redioni."

Nilikuwa mezani kwangu na kiwanja namba 114. Nikasema, "Ni mimi."

Kisha kelele. "Eveline? Wewe huyu? Usiyesema hata hamjambo!" Jackline alinishika mabega akanitingisha. Miezi minne hakuna aliyenigusa katika ofisi hii.

Mchana waliniita kula nao.


Jumatatu, 15 Julai 2024

Siku ya tatu nakula nao. Wananiita Mwandishi. Wakitaka kumsema mtu wanasema, "Mpeni ukuta." Ezron amenihifadhia kiti kwa kuweka koti lake.

Sijaenda Kwa Matilda. Nimeona tu kwa mbali kilemba cha kijani kikifagia kizingiti. Nikavuka barabara.

Nina furaha. Naandika neno hilo na kulitazama. Liko sawa. Mbona nalitazama?


Jumapili, 21 Julai 2024. Iringa

Ubatizo umekwisha salama. Mtoto hakulia mchungaji alipommwagia maji, alipiga chafya, kanisa zima likacheka. Upepo wa Iringa ni ule ule, unaingia hadi kwenye mfupa wa sikio.

Sebuleni walijaa wageni. Mama mkwe wake kaka alikuja kutoka Ifunda, amekaa kwenye kochi kubwa. Mama akanipa sahani ya pilau: "Mpelekee kaka yako nje. Mkwe wake yumo ndani." Liberatus alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kuni kwenye ubatizo wa mtoto wake mwenyewe, anasubiri. Hakuona ajabu. Wala mimi. Kaka hajawahi kula mbele ya mama mkwe wake, na nimeshampelekea sahani hivyo mara nyingi tu.

Nilinyoosha mkono kumpa. Nikasimama.

Mkono na sahani, kama kwenye lile dirisha la jikoni.

Jumanne. Ijumaa. Si Alhamisi. Nilizipanga siku hizo kama ninavyopanga viwanja. Nani alikuwepo siku zile mbili na hakuwepo siku ile moja? Wenye tai wanakuwepo kila siku. Mpishi kila siku. Mimi siku zote tatu.

"Unanipa au unanionyesha?" kaka akauliza.

Jioni, tukiosha vyombo, nikamuuliza mama habari za Wanyakyusa. Akasema wale wametuzidi. Mwanamke na baba mkwe wake, hata njia moja hawapiti, na mwanamke ndiye wa kujificha. Zamani mama alifundisha na mwalimu mmoja Mnyakyusa wa Rungwe. Siku baba mkwe wake alipokuja shuleni kumsalimia mjukuu, yule mwalimu alitoka darasani kwa dirisha. "Na alikuwa na digrii," mama akasema.

Nilivunja kikombe.


Jumatatu, 22 Julai 2024

Nimeshuka kwenye basi la asubuhi saa tisa mchana, nimekwenda moja kwa moja na begi langu. Mkahawa ulikuwa mtupu. Esnath anafuta meza. Hakunikimbia. Hakutabasamu pia.

Nikamuuliza, yule mzee wa bandeji ni nani wako.

Alifuta meza ile ile muda mrefu. "Ni baba yake Lusekelo." Jina la mzee hakulitaja, haruhusiwi kulitaja. Mzee yuko kwa binti yake Uyole kwa ajili ya matibabu, Jumanne na Ijumaa analetwa kliniki, akimaliza anakuja kunywa chai hapa akisubiri kufuatwa. Haoni vizuri, hajui kwamba mkwe wake yumo humu. Angejua asingekanyaga. Angeona aibu kuliko yeye Esnath.

Kwa nini hamwambii Matilda, mwenye mkahawa? Alimwambia, wiki ya kwanza. Matilda ni mtu wa Makambako, mchapakazi. Alijibu: "Mila zako ziache nyumbani, hapa mteja ni mteja." Na mzee je, si aambiwe tu na mtu? Hapo akaacha kufuta. Lusekelo alimwambia baba yake kwamba mke wake anajifunza ushonaji. Kwao, mke wa mtu kuhudumia wanaume mezani ni jambo baya. Mzee akijua, atakuwa amejua mawili kwa mpigo: kwamba amekuwa akikaa chumba kimoja na mkwe wake, na kwamba mwanawe ni mwongo.

"Watu wanadhani namwogopa," akasema. "Nilipojifungua na Lusekelo yuko safari, yule mzee alikaa nje ya uzio siku tatu, mvua inanyesha, asiondoke mpaka asikie nimekula. Ndani hakuingia. Nitapitaje mbele yake na sinia kama mtu baki?"

Nikamwambia kwamba yale maandishi —

"Najua ni wewe."

Nikamuuliza amejuaje.

"Umeandika Alhamisi ni dada yako. Alhamisi ile niliongea na nani mwingine?" Akakunja kitambaa. "Ukuta hauna haraka. Nimeikariri. Umeandika vizuri, dada."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Matilda alisoma ukurasa ule mbele ya wote. Amempa Esnath mpaka Ijumaa hii: meza zote azihudumie, ya katikati pia, la sivyo aache kilemba juu ya kaunta na kuondoka. Na Ijumaa hiyo hiyo mzee anafunguliwa jicho.


Jumanne, 23 Julai 2024

Nilikwenda mapema kumwona Matilda. Mwanamke mfupi, aproni imepigwa pasi. Nikamwomba achane ukurasa ule. Nikamweleza yote.

Alisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Kisha akafungua daftari. "Chakula kilichelewa au hakikuchelewa?"

Kilichelewa.

"Sahani uliifuata mwenyewe au uliletewa?"

Niliifuata.

"Sasa nichane nini? Mwanangu, mimi nimekopa ndugu zangu wote kufungua hapa. Mkwe wangu angekuja ningempa chai na bili. Wewe ulikuwa na njaa, ukasema kweli. Nakushukuru." Akanimiminia kahawa. Nzuri mno. Nimeinywa yote, sijui kwa nini nashindwa kuacha chakula cha watu ninaowakosea.

Nikamwambia basi niruhusu mimi nipeleke sahani ya mzee, Ijumaa tu. Akacheka. "Na Jumanne ijayo? Na akija mkwe wa mwingine?"

Nilipotoka nilimkuta Gideoni, yule mpishi, anaosha sufuria nje. Alisema bila kuinua kichwa, "Mimi nimembebea wiki nne. Nikiunguza wali, naambiwa nimezembea. Usidhani wewe ndiye wa kwanza kumwonea huruma."


Alhamisi, 25 Julai 2024

Jackline ameweka meza ya watu sita kesho, Kwa Matilda. Wanataka kumwona "Ukuta", yaani yule mhudumu, kwa macho yao. "Mwandishi utakaa katikati, utuonyeshe."

Nikasema sawa.

Ningeweza kusema, yule ni mtu, ana mkwe, ana sababu. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Ezron alikuwa anasogeza koti lake kwenye kiti ili nikae. Nikakaa.

Nimemtumia Esnath ujumbe: nikimwambia mzee mimi, je? Amejibu: "Tafadhali usimwambie." Baada ya saa nzima: "Lakini sijui."


Ijumaa, 26 Julai 2024

Saa sita na nusu. Naandika hapa hapa mkahawani, daftari juu ya paja. Nimewatangulia wenzangu. Esnath yuko jikoni, nimeona kilemba. Matilda amesimama kaunta, mikono kifuani. Meza ya watu sita iko dirishani, tupu.

Saa saba kasorobo. Wamefika. Jackline ananipungia. Nimeonyesha kidole, nakuja. Sijaenda. Wanaume wenye tai wapo, meza nne zina watu, na hakuna aliyeletewa hata maji.

Mzee ameingia. Peke yake, bandeji haipo, fimbo ameibeba kwapani kama mwavuli siku ya jua. Amesimama mlangoni anatazama kila kitu: taa, viti, maua ya plastiki. Anatazama maua ya plastiki kama mtu anayesalimiana nayo. Amekaa meza yake ya katikati, uso kwa jikoni.

Nilisimama. Sikuwa na mpango. Jackline alifikiri nakwenda kwao, akavuta kiti. Nikapita, nikaenda kwenye meza ya katikati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unahudumu hapa, binti?"

Nikasema hapana, ni mteja, niko peke yangu.

"Basi kaa. Miezi saba sijaona mtu akila. Kaa ule nikuone." Nimekaa. Ana kope nyekundu na macho yanayotoa machozi kidogo, anayapangusa na kutazama tena. Akaniuliza kwetu wapi, nikasema Iringa. "Mbali na mama," akasema. Si swali. Akasema chai ya hapa ni ya mtu anayejua, tangawizi imepondwa, haikukatwa. Kila akija anaipata, na hajapata kuisikia sauti ya anayeileta. Leo ana macho. Anataka amwone, amshukuru, kisha akamwambie Lusekelo, mwanawe, kwamba mjini kuna watu.

Matilda alisikia. "Leo atakuletea mwenyewe, baba," akasema kwa sauti ya kufika jikoni. "Subiri kidogo."

Mzee akaomba radhi akaenda kunawa. Beseni liko kule nyuma, karibu na mlango wa kutokea. Anatembea polepole, anasimama, anasoma matangazo ukutani. Ndiyo maana nimepata kuandika hivi. Nikiacha kuandika itabidi nifanye jambo.

Nimeomba sentensi ya kuanza nayo, haiji. Mimi, wa nukta iliyosahihishwa.

"Eveline! Huku!" Jackline, mara ya pili. Ezron ameondoa koti kwenye kiti, analivaa.

Nimegeuza kiti cha mzee kitazame barabarani. Changu nimekiweka kati yake na jikoni, jikoni iko mgongoni kwangu. Nasikia vikombe vikitetemeka juu ya sinia ya Esnath, vimesimama mlangoni, havisogei. Mzee amefunga bomba. Anarudi, amekiona kiti kimegeuzwa, amesimama, maji yanamdondoka mikononi, na ananitazama mimi, anasubiri nimwambie kwa nini.